Mvi Hazihitaji Blichi

Kwa Wamaasai, nywele ndefu zenye rangi ni za kijana. Morani huzifuga kwa miaka, zikasokotwa nyembamba, zikapakwa mafuta na udongo mwekundu. Ikifika Eunoto, sherehe inayomvusha kutoka umorani kuelekea uzee, mama yake humnyoa. Wanaume wanaofika kliniki kuniuliza habari za nywele wanakwenda njia iliyo kinyume na hiyo. Wamenyoa tangu shule ya msingi, wamevaa tai miaka ishirini, watoto wamekua, na sasa wana miaka 45 au 52 na wanataka dredi zinazogusa mabega. Karibu wote huongeza swali la pili wakiwa wameshasimama kuondoka: je, na hizi mvi nizipake nini?

Nawaunga mkono kwa moyo wote, kwa kuwa hakuna umri ambao ngozi ya kichwa inakataa nywele ndefu. Lakini nywele za mwanaume wa makamo zina hesabu zake, na kwenye rangi wengi huchagua ile yenye hatari kuliko zote, wakati mvi zao zimeshawafungulia mlango ulio salama zaidi.

Hesabu ya kwanza ni ya muda. Nywele za kipilipili huota takriban robo milimita kwa siku, yaani sentimita 9 hivi kwa mwaka. Nywele zilizonyooka za watu wa Asia ya Mashariki hufika sentimita 14 na kuzidi kwa muda huohuo. Tena nywele zetu hujikunja, kwa hiyo sentimita 9 alizozipata mtu zinaweza kuonekana kama 4 tu. Anayetaka kufika mabegani ahesabu miaka mitatu au minne, na asimlaumu msusi wala mafuta. Kila unywele una muhula wake wa kuota, miaka miwili hadi sita, kisha hupumzika miezi mitatu hivi na kudondoka. Umri unavyosonga muhula huo hupungua, na ndiyo sababu dredi za aliyeanza akiwa na miaka 50 zinaweza zisifikie urefu wa zile za aliyeanza akiwa na 20, hata akizitunza vipi.

Hesabu ya pili ni ya utosi. Kabla ya kuanza kufuga, mwombe mtu akupige picha ya utosi na panja zako kwenye mwanga wa mchana. Upara wa kiume huletwa na homoni iitwayo dihidrotestosteroni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na testosteroni. Kwa wanaume waliorithi wepesi wa kudhurika nayo, vinyweleo vya utosini na kwenye panja husinyaa kidogo kidogo, na kila unywele mpya hutoka mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia. Aliyenyoa kila wiki hawezi kuliona jambo hili, kwa kuwa kichwa chote kinafanana. Akifuga ndipo hugundua kwamba pembeni kumejaa na katikati kumepwaya. Dredi ndefu iliyoning'inia kwenye vinyweleo vichache vilivyodhoofu huving'oa taratibu. Dalili zake hujitokeza mapema: maumivu usiku unapolaza kichwa, vipele vidogo penye mzizi, na dredi inayokonda karibu na ngozi huku chini ikiwa nene. Mvutano ukiachwa mapema, nywele hurudi. Ukiendelea miaka, kinyweleo hufa, pakabaki kovu laini lisilootesha kitu tena.

Dawa zipo. Minoksidili ya kupaka husaidia wengi ikianzwa mapema, na ni lazima iendelee, kwa sababu ukiiacha unapoteza ulichokipata. Finasteridi ya kumeza huandikwa na daktari, na kwa umri huu nina sababu ya pekee ya kusisitiza hilo. Dawa hii hushusha kipimo cha damu cha PSA, kinachotumiwa kuchunguza tezi dume, hadi karibu nusu yake. Mwanaume wa miaka 55 anayeimeza kwa ajili ya nywele bila kumwambia anayempima tezi dume anaweza kupewa majibu yanayoonekana mazuri kumbe sivyo.

Kuna kundi moja ambalo mimi mwenyewe huliambia lifuge. Ni wale wenye vipele vigumu kisogoni, vinavyowasha, vinavyotoa usaha na mwisho kuwa makovu yaliyovimba. Mashine ya kunyolea ikipita karibu mno na ngozi, wiki baada ya wiki, huuchochea ugonjwa huo, na wanaume wenye nywele za kipilipili ndio huathirika zaidi. Kuacha kunyoa kisogo ni sehemu ya tiba. Wapo walioanza nywele ndefu kwa ushauri wa daktari wa ngozi, wakazipenda.

Watu hudhani mvi ni nywele zilizochakaa. Kinyweleo kina chembe hai zinazotengeneza melanini na kuupatia unywele wakati unajengwa. Akiba ya chembe hizo ikiisha, unywele huendelea kuota vilevile, ila bila rangi. Kwa Waafrika mvi huanza kwa wastani karibu na miaka 45, kama miaka kumi baada ya Wazungu. Zikikujaa kabla ya miaka 30, pima vitamini B12 na tezi ya shingo. Baada ya hapo ni mwendo wa kawaida wa mwili.

Sasa fikiria kijana wa miaka 25 anayetaka dredi za rangi ya shaba. Nywele zake zimejaa melanini nyeusi, na rangi haiwezi kuonekana juu ya weusi huo. Itabidi apakwe blichi: amonia iinue magamba ya nje ya unywele, yaliyopangana kama vigae vya paa, kisha haidrojeni peroksaidi ipenye ndani na kuivunja melanini. Pamoja na melanini huvunjika pia viungo vya salfa vinavyoupa unywele nguvu yake. Nywele za kipilipili zina kona nyingi, na penye kona ndipo zinapokatika. Ndani ya dredi mambo huwa mabaya zaidi, maana kemikali huingia katikati na maji ya kusuuzia hayazifikii zote.

Mwanaume mwenye mvi amesamehewa hatua hiyo yote. Weusi umeshaondoka wenyewe, bila amonia, bila peroksaidi, na unywele ungali mzima. Anachohitaji ni rangi tu, na mwambao wetu unayo ya kale iliyojaribiwa vizazi na vizazi: hina. Wazee wa Lamu, Mombasa na Unguja hupaka ndevu zao mpaka leo. Majani ya mhina yana losoni, kemikali inayoshikana na keratini, protini iliyoujenga unywele. Haibomoi kitu. Kwenye mvi hutoa rangi ya machungwa inayotulia kuwa nyekundu ya kahawia baada ya siku moja au mbili. Kwenye nywele nyeusi huongeza mng'ao mwekundu unaoonekana juani tu. Kwa hiyo mtu mwenye mvi zilizochanganyika na weusi akipaka hina kichwa kizima hupata michirizi ya shaba kati ya nyeusi, kitu ambacho saluni humtoza kijana pesa nyingi kukiigiza kwa blichi. Kwa macho yangu hakuna rangi inayompendeza mtu wa makamo kuliko hiyo.

Unga uchanganywe na maji ya vuguvugu au maji ya ndimu, uachwe saa kadhaa uumuke, kisha upakwe na kukaa kichwani saa mbili hadi nne. Hina halisi ni ya kijani, inanuka majani, na ina subira. Unga unaoitwa hina lakini unatia weusi katika nusu saa umechanganywa na kitu kingine. Baadhi ya hina za pakiti hutiwa chumvi za madini, na nywele zilizopakwa hiyo zikikutana na blichi baadaye huweza kupata moto na kukatika, kwa hiyo msusi aambiwe.

Lakini wengi wanaotoka kwangu hawataki shaba. Wanataka weusi waliokuwa nao wakiwa na miaka 30, na hapo ndipo ninapopata hofu. Rangi nyeusi ya kudumu, iwe ya boksi la dukani au ile piko ya unga, hutegemea parafenilinidiamini, ambayo kwenye lebo huandikwa PPD. Mfaransa Eugène Schueller, aliyeanzisha kampuni iliyokuja kuitwa L'Oréal, alianza kuuza rangi za nywele za maabara mwaka 1907, na jamii hiyo ya kemikali bado ndiyo uti wa mgongo wa biashara hii. Huingia ndani ya unywele ikiwa ndogo na haina rangi. Ikikutana na peroksaidi huungana, ikawa kubwa na nyeusi, ikashindwa kutoka. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asilimia 2 ya PPD katika mchanganyiko unaofika kichwani. Piko inayouzwa kwa kijiko sokoni haina lebo ya kukwambia umepaka asilimia ngapi.

PPD ni kisababishi kikubwa cha mzio wa ngozi, na mzio huu una hila. Mara ya kwanza huenda usihisi lolote, kwa sababu kinga ya mwili ndiyo kwanza inajifunza kuitambua. Mara ya tano au ya kumi, siku moja hadi tatu baada ya kupaka, ngozi ya kichwa inawaka, masikio yanatoa maji, kope zinavimba mpaka macho yanafunga. Aliyefikia hapo hubaki na mzio huo, kwa kawaida, maisha yake yote. Na anayeficha mvi kwa weusi amejifunga kurudia: kwa mwendo wa robo milimita kwa siku, baada ya wiki tatu mstari mweupe umeshaonekana mizizini, na anarudi kwenye kemikali ileile mara zaidi ya kumi kwa mwaka. Maneno "haina amonia" kwenye boksi hayamaanishi haina PPD. Soma viambato.

Waislamu wengi wa pwani wamerithi mafunzo yanayohimiza kubadili mvi kwa hina na kujiepusha na weusi, ingawa wanazuoni wametofautiana juu ya uzito wa katazo hilo. Kama tabibu, naliona pendekezo la hina kuwa lilelile ambalo ningempa mgonjwa wangu.

Anayeng'ang'ania weusi afanye jaribio kila mara, hata kama ametumia boksi hilohilo mwaka mzima. Apake kiasi kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, akae saa 48, na asiendelee akiona wekundu au mwasho wowote. Asipake siku ileile aliyosokotwa mizizi, kwa kuwa ngozi ina michubuko. Mwenye dredi changa asubiri zikamatane, miezi sita hadi mwaka, ndipo atie rangi ya aina yoyote, hina ikiwemo, kwa maana kusuuza sana kutazifumua. Piko isiwekwe kwenye chupa ya soda wala mahali penye watoto: ikimezwa huvimbisha koo na kuharibu misuli na figo, na huua.

Uso ukianza kuvimba baada ya kupaka, osha kichwa kwa maji mengi na sabuni laini, usipake mafuta wala krimu yoyote uliyopewa na jirani. Ukisikia koo linabana au pumzi inakuwa nzito, nenda hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, na uchukue lile boksi au ile karatasi ya unga mkononi ili daktari ajue anapambana na nini.