Kosa la wachache lilivyoigharimu Lufthansa dola milioni 4

Mteja aliyelipa nauli yake, akafika mapema na kufuata masharti yote, hatarajii kuzuiwa kusafiri eti kwa sababu mtu mwingine wa dini yake amekosa. Hilo ndilo lililowapata abiria 128 wa Kiyahudi katika uwanja wa ndege wa Frankfurt, Ujerumani, mwezi Mei 2022. Yaliyofuata ni funzo kwa kila anayeishi kwa kuhudumia wateja, awe na ndege au kibanda cha sokoni.

Abiria hao walitoka New York kwa ndege ya shirika la Lufthansa. Frankfurt walipaswa kupanda ndege nyingine kwenda Budapest, Hungaria, na wengi wao walikuwa wakienda kuzuru kaburi la rabi anayeheshimiwa sana. Mavazi yao yaliwatambulisha mara moja kuwa Wayahudi wanaoshika sana dini.

Wakati huo abiria walikuwa bado wanatakiwa kuvaa barakoa kwa sababu ya korona. Rubani wa safari ya kwanza aliripoti kuwa baadhi ya abiria hawakufuata maagizo ya wahudumu, likiwamo hilo la barakoa. Badala ya kuwatafuta waliokosa, shirika lilizuia tiketi za abiria zaidi ya 100 waliokuwa wakiunganisha safari.

Wengi wa abiria hao hawakujuana wala hawakusafiri pamoja, lakini langoni walihesabiwa kuwa kundi moja. Mfanyakazi mmoja alirekodiwa akisema kwamba walioleta matatizo ni Wayahudi waliotoka New York.

Walijua wasio na hatia wataumia

Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilipokea malalamiko zaidi ya 40. Uchunguzi wake ulibaini kuwa wafanyakazi walijadiliana mapema, wakatambua kwamba hatua hiyo ingewaumiza hata waliotii. Hata hivyo, waliamua kwamba kuzungumza na abiria mmoja mmoja kusingewezekana. Mwishowe shirika halikuweza kumtaja hata abiria mmoja aliyekaidi maagizo.

Lufthansa iliomba radhi hadharani siku chache baada ya tukio. Hata hivyo, ilikana kuwa ilibagua, ikisema chanzo kilikuwa mawasiliano mabaya na maamuzi yasiyo sahihi. Utetezi huo haukuinusuru. Oktoba 2024, wizara iliitoza faini ya dola milioni 4 za Marekani, kubwa kuliko zote ambazo wizara hiyo ilikuwa imewahi kulitoza shirika la ndege kwa kukiuka haki za kiraia. Dola milioni 2 kati ya hizo zilihesabiwa kuwa zimekwisha kulipwa, kutokana na fidia waliyopewa abiria.

Ukigawanya faini hiyo kwa abiria 128, kila mmoja aligharimu dola 31,250. Kwa dakika chache za kuulizana majina na kukagua tiketi, fedha hizo zingebaki mfukoni.

Funzo kwa mfanyabiashara

Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hiyo inafaa kumwonya mtu achague marafiki vizuri, lakini ni kanuni mbaya ya kuhudumia wateja. Muuza pembejeo aliyedhulumiwa deni na mtu mmoja, kisha akawanyima mkopo wote wa kabila au dini ya mtu huyo, anawafukuza walipaji wazuri na kuwapeleka kwa jirani yake. Nao hawataondoka kimya. Watasimulia msikitini, kanisani na kwenye vikao vya harusi, na hakuna tangazo litakalofuta habari hiyo.

Mwenye duka aliye na wasaidizi anapaswa kuwaeleza mapema kwamba kosa huandikwa kwa jina la aliyelitenda. Na inapotokea mteja ameonewa, mwenye duka mwenyewe amwombe radhi na kumrudishia alichopoteza, bila kusubiri alalamike kwa wakubwa.

Wafugaji wanaijua kanuni hii. Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, karani hupima maziwa ya kila mfugaji kabla ya kuyachanganya. Yaliyotiwa maji hurudishiwa mwenyewe, na wengine huandikiwa lita zao. Foleni ikiwa ndefu kazi hiyo huchosha, lakini hakuna karani anayewarudisha wote nyumbani na maziwa yao kwa sababu ya kopo moja.