Kelele Jukwaani: Fizikia ya Muziki Mmoja wa Japani

Mwanafunzi aliyewahi kuhudhuria mkutano wa shule wenye vyombo vya kupazia sauti anaujua ule mluzi mkali unaozuka ghafla mara msemaji asogeapo na maikrofoni karibu na spika. Watu huziba masikio, na fundi hukimbilia kupunguza sauti. Kwa fundi huyo, mluzi ni hitilafu. Huko Japani, tangu yapata mwaka 1960, wapo wanamuziki walioutafuta mluzi huo kwa makusudi, pamoja na mivumo na mikwaruzo ya kila namna, wakaufanya kuwa muziki wa kuandamana na sanaa ya utendaji. Yaani sanaa ambayo kazi yenyewe si picha wala sanamu, bali ni tendo la mwili wa msanii mbele ya watazamaji.

Kabla ya kuwaita watu hao wendawazimu, yafaa kuuliza kelele ni kitu gani. Waya wa gitaa utetemekapo mara 110 kwa sekunde, hutetemeka pia mara 220, 330 na kuendelea, na kwa kuwa hesabu hizo zinapatana, sikio husikia noti moja. Redio isiyokuwa kwenye stesheni hutoa mvumo wenye mitetemo ya kila kiasi kwa pamoja, bila mmoja kuwatawala wenzake. Mvumo wa namna hiyo huitwa kelele nyeupe, kwa kufananishwa na mwanga mweupe uliochanganya rangi zote. Lakini wahandisi wa mawasiliano wana maana nyingine: kelele ni chochote kinachoifunika ishara inayotafutwa. Maana hii haitegemei umbo la wimbi hata kidogo. Yategemea haja ya msikilizaji. Taarabu nzuri ya jirani ni kelele kwa mtu anayesikiliza taarifa ya habari.

Katika mji wa Tokyo, vijana kadhaa, miongoni mwao Takehisa Kosugi, Yasunao Tone na Mieko Shiomi, waliunda kikundi walichokiita Ongaku. Neno hilo maana yake ni "muziki" tu, jina lenye ujeuri kidogo, kwani katika kazi walizozirekodi mwaka 1960 walitumia mashine ya kufyonza vumbi, redio, pipa la mafuta, mwanasesere na vyombo vya mezani. Baadaye vyombo vya umeme vilishika nafasi ya mapipa, na hapo ndipo ule mluzi wa mkutanoni ulipopata heshima yake.

Mluzi huo huzaliwa hivi. Sauti ndogo huingia katika maikrofoni, hukuzwa na amplifaya, hutoka katika spika, kisha hurudi katika maikrofoni na kukuzwa tena. Ikiwa kila mzunguko unairudisha ikiwa na nguvu kuliko ilivyoondoka, hukua mpaka amplifaya ifikie ukomo wake. Lakini si kila mtetemo hukua. Tuseme spika iko mita 3.4 kutoka kwenye maikrofoni. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo hutumia sehemu moja ya mia ya sekunde njiani. Tukiacha ucheleweshaji wa vyombo vyenyewe, wimbi litakalorudi likiwa sawa kwa hatua na mwenziwe anayeondoka ni lile la mitetemo 100 kwa sekunde, au 200, au 300 na kuendelea. Yaliyo katikati hupunguzana. Miongoni mwa hayo, lile ambalo vyombo na chumba hulipendelea zaidi ndilo husikika. Msanii akisogea hatua moja, umbali hubadilika, na sauti hubadilika naye. Akisimama katikati, mwili wake humeza mawimbi mengine na kurudisha mengine. Ndiyo sababu muziki huu uliwafaa watendaji: hauhesabu mapigo ambayo mwili lazima uyafuate, bali mwili wenyewe ni sehemu ya ala.

Wengine waliufikisha mbali. Masami Akita alianza kutumia jina la Merzbow mwaka 1979. Mwaka huohuo kilianza kikundi cha Hijokaidan, ambacho maonyesho yake ya kuvunja vyombo na kurusha vyakula hayangeweza kutenganishwa na ngurumo yake. Hapa mwalimu hana budi kuonya. Wataalamu wa afya kazini huhesabu kuwa desibeli 85 huvumilika kwa saa 8, na kila nyongeza ya desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu. Kwenye 100 zimebaki dakika 15. Chembe za kusikia zikifa katika sikio la binadamu hazioti tena.

Kazi iliyoyafikiri mambo haya kwa kina zaidi pengine ni ile iitwayo S/N, ya kikundi cha Dumb Type kilichoanzishwa mwaka 1984 na wanafunzi wa sanaa mjini Kyoto. Herufi hizo mbili ni alama ya uhandisi: uwiano wa ishara na kelele. Nguvu ya ishara ikiwa mara 1,000 ya kelele, uwiano ni desibeli 30. Zikilingana, ni sifuri. Mwaka 1992 mmoja wa waanzilishi, Teiji Furuhashi, aliwaandikia rafiki zake barua kuwajulisha kwamba ana virusi vya UKIMWI. S/N ilionyeshwa kwanza mwaka 1994 huko Adelaide, Australia, kwa muziki wa Toru Yamanaka na Ryoji Ikeda. Watendaji, mmoja wao kiziwi, walivaa vibandiko vilivyotaja jinsia, taifa na ugonjwa. Juu ya ukuta mrefu watu walikimbia, kisha wakaanguka nyuma na kutoweka, huku mivumo ya umeme ikiujaza ukumbi. Mtazamaji aliachwa ajiulize kama kibandiko ni ishara ya mtu, au ni kelele inayomfunika.

Furuhashi alifariki Oktoba 1995, akiwa na umri wa miaka 35. Kikundi kiliendelea, na mwaka 1997 kikatoa OR, kuhusu mpaka wa uhai na mauti, Ikeda akiwa tena mtunzi. Mwaka mmoja kabla, Ikeda alikuwa ametoa santuri yake +/-. Ndani yake mna sauti nyembamba ya juu sana, ambayo msikilizaji haitambui kuwa ilikuwapo mpaka inapokatika.