MENO YA KAHAWIA SI AIBU

Msichana anacheka, mara anaziba mdomo kwa khanga. Kijana akipigwa picha, anafumba mdomo kabisa. Ukiwauliza sababu, watakujibu: "Nani atanitaka na meno haya?"

Mambo haya yapo katika vijiji vingi vya Arusha na Kilimanjaro. Watu wengi huko wana meno ya kahawia. Wakienda mikoa mingine, huchekwa. Eti hawapigi mswaki! Wengine husema ni ugonjwa wa ukoo. Maneno hayo si ya kweli.

Sababu ni maji. Miamba ya Mlima Meru na ya Kilimanjaro ilitokana na volkano. Ndani yake kuna madini yaitwayo floraidi. Maji yakipita kwenye miamba, huchukua madini hayo. Floraidi kidogo huimarisha meno, lakini ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji.

Meno ya mbele huharibika yakiwa bado ndani ya ufizi, mtoto akiwa hajafika miaka 8. Basi mwenye meno hayo si mchafu. Alikunywa maji ya kwao tu. Wala hawezi kumwambukiza mume au mke.

Tufanye nini?

Kwanza, usisugue meno kwa mchanga. Rangi haitoki, nawe utayaumiza. Daktari wa meno anaweza kuyafunika.

Pili, tuwakinge watoto wadogo. Kinga maji ya mvua, uyaweke katika chombo safi chenye kifuniko. Usitie magadi katika chakula chao, maana nayo huwa na floraidi. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Wataalamu wa kituo cha Ngurdoto, Arusha, hutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuichuja.

Tatu, kijiji kiombe maji yake yapimwe. Floraidi haina rangi wala ladha. Maji meupe kabisa yanaweza kuwa nayo.

Ndugu msomaji, kama una meno hayo, cheka bila kuziba mdomo. Na wewe mwenye meno meupe, usimcheke mwenzako. Nawe ungekunywa maji yale utotoni, ungekuwa kama yeye.