Kabla ya Kumnunulia Punda Unga wa Dukani

Mara hii tuzungumze juu ya punda. Farasi huku kwetu ni wachache mno. Watoto wengi wamemwona kitabuni tu. Lakini punda, ambaye Wajaluo humwita kanyna, ni ndugu yake wa karibu, na tumbo lake limeumbwa kama la farasi. Yeye ndiye anayebeba maji kutoka ziwani kule Karungu na Mbita, mahindi ya kwenda soko la Oyugis, mchanga wa ujenzi, na hata mawe ya dhahabu kule Macalder. Siku akianguka, mtungi wa lita 20 unarudi kichwani kwa mama, au kwa msichana aliyepaswa kuwa darasani.

Mwenye punda huuliza hivi: "Punda wetu ni mwoga. Akisikia pikipiki anaruka. Akitoka sokoni hali. Leo anaharisha, kesho tumbo limefunga. Tumnunulie dawa gani ya kumwongezea nguvu?" Na muuza duka naye ana jibu tayari: mkebe wa unga wa vitamini.

Jibu letu ni hili. Mara nyingi kinachokosekana si unga. Kinachokosekana ni maji, majani makavu, chumvi na utulivu. Rekebisha hayo kwanza. Pesa ya kikundi ikibaki, ndipo mfikirie cha dukani.

TUMBO LA PUNDA SI LA NG'OMBE

Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, naye hucheua. Punda ana tumbo moja dogo, na hacheui. Majani anayokula huchachushwa huko nyuma, katika utumbo mpana, na vijidudu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo ni kama wafanyakazi wa shamba: wanataka kazi ile ile, kidogo kidogo, mchana na usiku. Kazi yao ni kumeng'enya majani yenye nyuzi.

Sasa, ukimwekea punda ndoo ya mahindi mara moja kwa sababu "amefanya kazi sana leo", tumbo lile dogo haliwezi kuimaliza. Nafaka inapita, inafika nyuma, inachacha kupita kiasi. Gesi inajaa, asidi inaongezeka, vijidudu vizuri vinakufa. Punda anaumwa tumbo, na wengine hupata maumivu makali ya kwato wasiweze kutembea. Tena punda hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite hadi mwisho.

HOFU INAVYOINGIA TUMBONI

Punda akiogopa, huacha kula na kunywa, na mwendo wa utumbo unavurugika. Kinachomwogopesha twakijua: viboko, kelele za stendi, mzigo mzito, kufungwa juani peke yake, na kutenganishwa na mwenzake. Punda hushikamana na punda mwenzake kama mapacha. Ukiuza mmoja, anayebaki anaweza kukataa chakula.

Hapo ndipo penye hatari. Punda asipokula, mafuta ya mwilini huachiliwa kwa wingi katika damu na kuliharibu ini. Wanaopatwa zaidi ni punda wanene, majike wenye mimba na wale wanaonyonyesha. Punda asiyekula ni mgonjwa, usingoje wiki.

Jambo lingine: farasi akiumwa tumbo hujitupa chini na kugaagaa, kila mtu anaona. Punda husimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea, kimya. Watu husema, "Leo ni mvivu," wakamwongezea kiboko. Kumbe anaumwa.

KAGUA HAYA KABLA YA KUNUNUA CHOCHOTE

Maji. Punda wa kazi anahitaji kama lita 15 hadi 25 kwa siku, na zaidi wakati wa kiangazi. Ni aibu kwamba punda anabeba maji ya watu tangu alfajiri na yeye mwenyewe ana kiu. Anyweshwe kabla ya kazi, katikati ya kazi na jioni.

Meno. Akitafuna na kuangusha mabonge ya nyasi, au kinyesi chake kikiwa na nyasi ndefu, huenda meno yana makali yanayomkata. Huyo hata umpe unga wa aina gani, atazidi kukonda. Mwiteni daktari wa mifugo ayasugue.

Minyoo. Kinyesi kipimwe ikiwezekana. Dawa itolewe kwa uzito wa punda, si kwa kubahatisha.

Mchanga na plastiki. Kando ya ziwa nyasi ni fupi, na punda humeza mchanga pamoja na mizizi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, lakini plastiki za aina nyingine na kamba za nailoni bado zimejaa kwenye majalala ya soko. Zikikwama utumboni, hakuna unga utakaozitoa. Punda asiachwe jalalani.

Mbung'o. Ninyi mlio karibu na Bonde la Lambwe, kumbukeni kwamba punda naye hupata nagana. Akikonda huku anakula, apimwe damu.

CHAKULA CHA MSINGI

Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 150 hivi. Punda wa namna hiyo anatosheka na kilo 2 hadi 3 za chakula kikavu kwa siku: nyasi kavu, au mabua makavu ya mahindi yaliyokatwakatwa. Mgawanyie mara tatu au nne, na fungu kubwa liwe la usiku. Hicho ndicho kinachotuliza tumbo lake. Punda mwenye kitu cha kutafuna hana wasiwasi sana.

CHA ZIADA KINACHOFAA

1. Chumvi. Punda hutoka jasho, na jasho ni chumvi. Chumvi ya jikoni, vijiko viwili vya chai kwa siku, inamtosha punda wa kawaida. Mchanganyie kwenye chakula chenye unyevu, na maji yawepo karibu. Hiki ndicho cha ziada cha bei nafuu kuliko vyote, na ndicho kinachosahauliwa.

2. Jiwe la kulamba la madini. Linafaa, ila soma maandishi ya karatasi yake. Chagua lisilotiwa urea wala dawa za kukuza mifugo. Wenzetu wa Kendu Bay wana bala, ile magadi inayookotwa kando ya Simbi Nyaima. Punda akiilamba mwenyewe kidogo, sawa. Lakini usimkorogee na kumnywesha. Ni magadi, si madini yote anayohitaji.

3. Mashina ya viazi vitamu. Watu wa Kabondo hamna haja ya kununua vitamini! Yaanike yanyauke, kisha mpe konzi mbili au tatu pamoja na nyasi kavu. Yana protini na vitamini anazokosa wakati wa kiangazi.

4. Pumba ya mahindi. Kwa punda aliyekonda peke yake: nusu kilo kwa siku, iliyoloweshwa, kwa mafungu mawili. Iwe safi, isiyonuka.

5. Molasi. Awendo hatujambo kwa sukari. Kijiko kikubwa kimoja cha molasi katika maji ya ndoo kinaweza kumshawishi punda anayekataa kunywa. Ni kionjo tu, si chakula.

6. Hamira hai ya mifugo na unga wa "kutuliza". Hamira hai iliyotengenezwa kwa ajili ya farasi inaweza kusaidia kidogo vijidudu vya utumbo kumeng'enya nyuzi. Unga wa kutuliza, ambao mara nyingi una magnesi, haujathibitishwa vizuri kwamba unafanya kazi. Na hata ungefanya kazi, hauwezi kuondoa hofu ya kiboko. Fimbo ikikaa nyumbani, mmeokoa bei ya mkebe.

KAMWE USIMPE

Chakula cha kuku au cha ng'ombe cha dukani. Baadhi ya vyakula hivyo vina dawa iitwayo monensin, au nyingine za jamii yake. Kwa kuku inazuia ugonjwa wa kuhara damu. Kwa farasi na punda, kiasi kidogo tu huharibu moyo na kuua. Mabaki ya banda la kuku ni hatari vile vile.

Mahindi yaliyoota ukungu. Baada ya mavuno tunachagua mahindi, mazuri ya watu, mabaya "ya punda". Hapo tunakosea sana. Ukungu wa mahindi unaweza kuwa na sumu iitwayo fumonisin, ambayo huozesha ubongo wa farasi na punda. Ataanza kuyumba, kugonga ukuta, kuzunguka kama kipofu, na hufa kwa siku chache. Hakuna dawa.

Lusina. Ule mti wa malisho ambao vikundi vya maziwa vimeupanda sana. Punda akila kwa wingi, manyoya ya shingo na mkia hunyonyoka.

BADILISHA POLEPOLE

Chakula kipya kiingizwe kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, ili vile vijidudu vizoee. Ongeza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukileta vitatu pamoja, hutajua kipi kilisaidia na kipi kiliharibu. Kikundi kiwe na daftari: leo amekula nini, amekunywa ndoo ngapi, kinyesi kilikuwaje. Kila mwezi pitisha kamba nyuma ya miguu ya mbele kuzunguka kifua, tia fundo, mlinganishe na mwezi uliopita. Daftari na kamba vitawaambia ukweli kuliko maneno ya muuza duka.

TUMBO LIKIUMA

Ukiona amezubaa, hali, anatazama ubavu, anatoka jasho bila kazi, au hajatoa kinyesi, basi mtue mzigo. Ondoa chakula, acha maji. Mweke kivulini, mwenzake awe karibu. Mtembeze polepole kama anakubali. Ita daktari wa mifugo saa hiyo hiyo. Usimnyweshe kwa chupa soda, majivu, maziwa wala mafuta. Yakienda mapafuni atakufa kwa nimonia, na mtadhani ni tumbo.

KWA NINI TUNASISITIZA

Zamani punda akifa, ulimpata mwingine bila shida kubwa. Machinjio ya punda yalipofunguliwa nchini katika miaka ya 2010 kwa ajili ya ngozi za kupeleka China, wizi ulienea na bei ikapanda. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri hiyo. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia biashara ya ngozi za punda barani kote. Lakini dalali bado anajua kumtambua punda dhaifu na mwenye punda aliyekata tamaa. Punda mzima wa tumbo hauzwi kwa hasira.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Jana punda wetu alikunywa maji mara ngapi? Nani ana hakika?
2. Mahindi mabovu tunayatupa wapi? Punda anaweza kuyafikia?
3. Punda wetu ana mwenzake? Kama hana, tunaweza kupatana na jirani wawe wanalala pamoja?
4. Pesa ya mkebe mmoja wa unga ingenunua chumvi ya miezi mingapi?
5. Nani kati yetu ataweka daftari, na nani ataweka namba ya daktari wa mifugo?