Mtihani wa ulinzi wa mitandao: anza na jina lako

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

Leo tunazungumza na wewe kijana wa Gikundamvura uliyemaliza sekondari, una simu na labda kompyuta ya kuazima, na unataka cheti cha ulinzi wa mitandao ya kompyuta. Inawezekana. Ila tuanze na jambo ambalo vitabu haviliweki mbele: jina lako.

Chukua kitambulisho chako cha ukimbizi ukisome herufi kwa herufi. Siku ya mtihani, msimamizi atalinganisha jina ulilojiandikisha nalo na lile la kwenye kitambulisho. Yakitofautiana anaweza kukurudisha nyumbani, na pesa uliyolipa ikapotea. Sisi tuliotoka Kongo tuna jina, posti-nomu na prenomu, lakini fomu inauliza majina mawili tu. Tena huku L ya kwenu inaweza kuandikwa R. Kama kuna kosa, anza kulirekebisha leo. Kisha iandikie Pearson VUE, kampuni inayosimamia mitihani hii, uulize kama kitambulisho chako kinakubalika. Usilipe kabla ya kupata jibu la maandishi.

Sasa pesa. Mtihani wa CCNA wa Cisco ni dola 300. Security+ ya CompTIA, kwa bei ya Marekani, inapita dola 400. Kwa familia inayoishi kwa msaada, hiyo si pesa ya kubahatisha. Kuna cheti cha wanaoanza cha shirika la ISC2, ambalo mwaka 2022 liliahidi kufundisha na kutahini watu milioni moja bila malipo. Angalia kwanza kama nafasi bado ipo. Na ujue kwamba ukishafaulu, kukitunza cheti hicho ni dola 50 kila mwaka. Bure ina mkia.

(Muziki mfupi.)

Kujifunza kwenyewe hakuhitaji pesa nyingi. Cisco wana masomo ya bure, na programu yao ya Packet Tracer inakuchorea ruta na swichi kwenye skrini, unaziunganisha na kuziharibu bila kununua hata waya mmoja. Ipakue siku mtandao ni mzuri. Gikundamvura ina mvura hadi ndani ya jina lake, na mnajua umeme unavyofanya mvua ikinyesha.

Utakutana na hesabu ya kugawa anwani, na hapo wengi huacha. Usiache. Fikiria namba za nyumba kambini. Mtandao unaoandikwa /24 una anwani 256. Ya kwanza ni ya mtandao wenyewe, ya mwisho ni ya kutangazia wote, zinabaki 254 za kugawia vifaa. Ukiukata mara mbili unapata mitandao miwili ya /25, kila mmoja na anwani 128, yaani vifaa 126. Kwa nini ukate? Chukua zahanati: mgeni aliyekaa nje anatumia WiFi, na ndani kuna kompyuta yenye faili za wagonjwa. Wote wakiwa kwenye mtandao mmoja, mgeni anaweza kugonga mlango wa ile kompyuta. Ukiwatenganisha, na ukuta wa moto ukasimama katikati ukichuja nani apite, umefanya kazi ya ulinzi.

Milango nayo ina namba. Telnet hupita lango la 23, na nywila yako inasafiri wazi, kama mtu anayetaja namba yake ya siri ya pesa za simu katikati ya soko. SSH, lango la 22, huifunga kwanza. Ukielewa sababu, namba itakaa kichwani yenyewe.

Mazoezi fanyia kwenye vifaa vyako tu. WiFi ya shule au ya shirika si uwanja wako. Sheria ya Rwanda namba 60/2018 inaadhibu kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa, na kesi ni kitu cha mwisho mkimbizi anachohitaji. Na wale wanaouza maswali "halisi" ya mtihani kwenye WhatsApp, waache. Ukigundulika, cheti kinafutwa.

Security+ ina maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 750 katika kipimo kinachoishia 900. Kiswahili hakimo, kwa hiyo soma kwa Kiingereza tangu mwanzo. Inaruhusiwa kufanyia nyumbani, lakini lazima uwe peke yako chumbani, na mtoto akiingia mtihani unaweza kusimamishwa. Kwa nyumba zetu, heri kwenda kituoni Kigali. Lala huko usiku uliotangulia, na kama unaishi kambini, omba ruhusa ya kutoka mapema.

Zoezi la wiki: mtandao wa /26 unabeba vifaa vingapi? Tuma jibu lako kwa ujumbe, na utuonyeshe ulivyopiga hesabu.

(Muziki wa kufunga.)