Dawa za presha na ini lenye mafuta: Tutumaini, lakini tusiazimane vidonge

Ni nadra siku hizi kuingia katika nyumba zetu na kukosa pakiti ya vidonge vya presha. Kwa hiyo, habari kwamba baadhi ya vidonge hivyo huenda vikalitibu pia ini lililojaa mafuta haiwezi kutupita hivi hivi. Je, ni kweli? Na aliyeambiwa kuwa ini lake lina mafuta, aanze kuvimeza?

Zamani maradhi haya yalihusishwa zaidi na ulevi, na wengi wasiogusa pombe wakajiona wamesalimika. Sivyo ilivyo. Aina iliyoenea zaidi leo huambatana na unene, kitambi, kisukari na mafuta mengi katika damu. Inakadiriwa kuwapata takriban watu wazima 3 katika kila 10 duniani. Huja kimyakimya, na wengi huigundua kwa bahati tu wanapopigwa ultrasaundi kwa sababu nyingine. Kwa baadhi yao ini huvimba, likafanya makovu, na hatimaye likasinyaa au likapata saratani.

Presha inaingiaje hapa? Mwilini mna homoni iitwayo angiotensini ya pili, ambayo hubana mishipa ya damu na kupandisha presha. Homoni hiyo hiyo huziamsha seli fulani za ini zenye umbo la nyota, nazo zikishaamka hutengeneza nyuzi za kovu. Losartani, valsartani na telmisartani huizuia homoni hiyo isifanye kazi yake. Telmisartani ina sifa ya ziada: hugusa pia, kwa kiasi, mfumo unaosimamia matumizi ya sukari na mafuta mwilini.

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Barcelona, Hispania, walieleza kuwa telmisartani, ikichanganywa na pemafibrati, ambayo ni dawa ya kushusha mafuta ya damu, ilipunguza mafuta ya ini. Lakini walioijaribu ni panya na samaki wachanga, si binadamu.

Kwa binadamu, majibu hayajawa mazuri kiasi hicho. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2011 uliongeza losartani juu ya dawa ya kisukari kwa muda wa wiki 48, na nyongeza hiyo haikuonesha faida. Mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2017, haukupata ushahidi kwamba losartani inazuia makovu, ingawa ulikuwa na wagonjwa wachache mno kutoa hukumu ya mwisho.

Dawa zilizokwisha kuidhinishwa Marekani kwa ini lililovimba na kuanza kufanya makovu ni nyingine kabisa: resmetiromu, mwezi Machi 2024, na semaglutaidi, mwezi Agosti 2025. Hata hizo hutolewa pamoja na lishe bora na mazoezi, si badala yake.

Linalotutia hofu ni mazoea ya kuazimana dawa majumbani. Mama mjamzito akimeza kidonge cha losartani au telmisartani alichopewa na mkwewe, anaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hasa figo zake. Mtu asiye na presha anaweza kushuka presha hadi akaanguka. Mwenye maradhi ya figo anaweza kupandisha madini ya potasiamu hadi moyo ukayumba. Na aliyeandikiwa dawa hizi kwa ajili ya presha asiziache. Kama bado hajamaliza kuzaa, amweleze daktari wake mapema.

Tiba iliyothibitika imo mikononi mwetu. Aliyezidi uzito akipunguza asilimia 5, mafuta ya ini hupungua; akifikia asilimia 7 hadi 10, uvimbe nao hupoa, na hata makovu yanaweza kurudi nyuma. Tuanze na soda na juisi za sukari, vitumbua na sambusa za kila jioni, na sinia la wali lisilo na mboga za majani. Tutembee kwa miguu. Mwenye kisukari au kitambi amwombe daktari apime ini lake, pamoja na homa ya ini aina ya B, ambayo imeenea Afrika.

Utafiti uendelee, nasi tuusubiri kwa matumaini. Kidonge cha jirani tumwachie jirani. Haraka haraka haina baraka.