Haskell: Namna ya kupata shimo sahihi la bao bila kukosea hesabu

Tuseme unatengeneza gemu ya bao la kete kwenye simu. Bao lina safu 4, kila moja mashimo 8, jumla 32. Mchezaji anasema "safu ya 3, shimo la 5". Kompyuta yenyewe ina vyumba vya kumbukumbu vilivyopangwa mstari mmoja tu, kuanzia 0 hadi 31.

Sasa nani ageuze hesabu? Ukifanya mwenyewe, kila mahali utaandika toa 1, zidisha kwa 8, kisha ongeza shimo ukitoa 1 tena. Ukisahau kutoa 1 mara moja tu, kete zinaingia shimo la jirani, na gemu inaendelea kama kawaida. Kosa la namna hii linasumbua kweli kulitafuta.

Haskell, lugha ya programu iliyotoka mwaka 1990, ina kifaa kinachoitwa Ix kwa kazi hiyo. Kina fanksheni tatu za msingi:

• range: inataja vyote vilivyomo kuanzia mwanzo hadi mwisho.
• index: inakupa namba ya chumba, kuanzia 0.
• inRange: inajibu kama kitu kimo ndani ya mipaka au la.

Wewe unataja mipaka tu: (1,1) hadi (4,8). Ukiuliza (3,5), index inaruka safu mbili za mwanzo, yaani vyumba 16, inaongeza mashimo manne yaliyotangulia, inajibu 20. Ukiuliza safu ya 5, inatoa kosa papo hapo. Haikupi chumba kisicho chako.

Si namba tu. Kati ya herufi 'a' na 'z', 'c' inapata 2. Kwa miaka 2015 hadi 2024, mwaka 2019 unapata 4. Hata siku za wiki ukiziorodhesha kama aina yako mpya, Haskell inaweza kukuandikia hesabu yake.

Namba za desimali ndizo hazimo. Kwani kati ya 1 na 2 utaweka vyumba vingapi? Ukijaribu, programu inakataliwa kabla haijaanza kufanya kazi.

Jambo moja la kukumbuka: namba ikitoka kwa mchezaji, uliza inRange kwanza. Vinginevyo akiandika safu ya 5, gemu yote inasimama.